Kugawa Kidogo kwa Haki: Duka la Mji Mdogo Wakati wa Vita

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Duka mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za duka mmekwisha kuzisikia kutoka kwa Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Maneno yetu ya leo yahusu jambo lisiloandikwa katika safu ya mapato wala katika safu ya matumizi, nalo ni imani ya mnunuzi kwa mwenye duka. Imani hiyo tuliipoteza siku moja ya mwaka 2017, na tangu hapo hatujaipata yote. Kabla hamjapiga kura juu ya shauri lililo mbele yenu, yatupasa kuwaeleza jinsi tulivyoipoteza, na tuliyojifunza kwa watu wengine waliouza chakula wakati ambapo chakula hakikutosha.

Wengi wenu mwaukumbuka mwaka ule. Mvua zilikuwa zimekosekana, mahindi yakaadimika, na bei ya unga ikapanda kupita uwezo wa nyumba nyingi. Mwezi wa Mei Serikali ikatoa unga wa ruzuku, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90. Duka letu lilipata marobota 20, kila robota pakiti 12, jumla pakiti 240. Sisi wajumbe wa Kamati tulikuwa saba. Kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, marobota saba yalikuwa yamekwisha kuwekwa katika chumba cha nyuma, moja kwa kila mjumbe. Hatukuiba. Kila mtu alilipa shilingi zake kamili, na stakabadhi zipo. Twasema hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyojitetea wakati ule. Lakini pakiti 84 zilikuwa zimekwenda katika nyumba saba, na umati uliosimama foleni tangu alfajiri ukaachiwa pakiti 156.

Katika foleni ile alikuwapo mama mmoja mjane, mwanachama tangu siku duka lilipofunguliwa. Alipofika mezani unga ulikuwa umekwisha. Akazunguka nyuma ya jengo kufuata njia ya kwake, akakuta robota likipakiwa juu ya mkokoteni. Hakutukana wala hakuuliza neno. Mwisho wa mwezi alikuja kudai hisa zake, tukamlipa. Baada yake walikuja wengine kumi na mmoja. Na hata leo wako wanachama wanaopita mbele ya duka lao wenyewe wakaenda kununua kwingine.

Tulipoulizana kosa lilikuwa wapi, baadhi yetu walisema kosa ni la uhaba. Lakini uhaba ulikuwa wa nchi nzima, na si kila duka lililopoteza watu wake. Ndipo tukaanza kusoma habari za maduka ya mahali pengine, hasa maduka madogo ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Tulichagua huko kwa sababu mgao wao wa chakula ulidumu zaidi ya miaka 14, na mambo yake yameandikwa kwa urefu. Hatuwaleti Waingereza mbele yenu kama watu wema kuliko wengine; baadaye kidogo tutasema yaliyotupata sisi chini ya utawala wao katika miaka ile ile. Twawaleta kwa kuwa mwenye duka wa mji mdogo wa huko alikuwa na taabu kama yetu: watu wengi, chakula kidogo, na macho ya watu wote juu ya mizani yake.

Nchi ile ni kisiwa. Kabla ya vita iliingiza kwa meli karibu tani milioni 20 za chakula kila mwaka, na katika kila sehemu 100 za sukari na za jibini, karibu 70 zilitoka ng'ambo. Vita ilipoanza mwezi wa Septemba 1939, nyambizi za Wajerumani zilianza kuzizamisha meli. Watu wazima wa huko walikuwa na kumbukumbu chungu ya vita ya kwanza. Mwaka 1917 foleni zilikuwa ndefu mbele ya maduka. Mwenye fedha na mwenye kujuana na muuzaji walipata, na mama mwenye watoto alirudi mikono mitupu. Mgao wa serikali ulikuja mwaka 1918, vita ilipokaribia kwisha. Mara ya pili hawakungoja. Tarehe 29 Septemba 1939, kabla ya mwezi wa kwanza wa vita kutimia, watu wote waliandikishwa nyumba kwa nyumba, na kutokana na orodha ile vikaandikwa vitabu vya mgao.

Mgao wenyewe ulianza tarehe 8 Januari 1940. Kwa juma moja mtu mzima alipata siagi wakia 4, nyama ya nguruwe ya chumvi wakia 4, na sukari wakia 12. Wakia moja ni karibu gramu 28, basi siagi ya juma zima haikufika gramu 115. Mwezi wa Machi mwaka huo nyama nyingine ikaingizwa katika mgao. Mwezi wa Julai ikafuata chai, wakia 2 kwa juma, pamoja na majarini na mafuta ya kupikia. Mwezi wa Machi 1941 ikafuata jamu, na mwezi wa Mei jibini, ambalo mwanzoni lilikuwa wakia 1 tu kwa mtu kwa juma. Peremende za watoto nazo zikaingia mwezi wa Julai 1942.

Sasa tuingie dukani tuone kazi yenyewe. Kila nyumba ilichagua duka moja la vyakula, ikaandikisha vitabu vyake hapo. Tangu siku hiyo mwenye duka hakupewa sukari kwa kadiri ya fedha alizo nazo, bali kwa kadiri ya watu walioandikishwa kwake. Tuchukue kwa mfano duka lenye watu 300. Sukari ya wakia 12 kwa kila mmoja ni ratili 225, karibu kilo 102. Hiyo ni kazi rahisi. Lakini jibini la wakia 1 kwa kila mmoja ni ratili 18 na robo tatu, karibu kilo 8 na nusu. Jibini lilikuja likiwa donge kubwa, naye alipaswa kulikata kwa waya, nyumba hata nyumba, mpaka vipande vya watu 300 vitimie. Kila mkato huacha makombo, na jibini likikaa hukauka na kupungua uzito. Muuzaji asipokuwa mwangalifu, watu 290 watapata na watu 10 watakosa, na hao 10 wana vitabu vilivyo sawa kabisa na vya wenzao.

Katika miji ya namna hiyo twaweza kuutaja Grantham, mji mdogo wa jimbo la Lincolnshire. Hapo alikuwapo mwenye duka aitwaye Alfred Roberts, ambaye alikuwa meya wa mji katika miaka ya 1945 na 1946. Habari zake zajulikana kwa sababu ya binti yake, Margaret Thatcher, aliyezaliwa mwaka 1925 katika nyumba iliyokuwa juu ya duka lile, na akawa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1979 hadi 1990. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi chai, sukari na biskuti zilivyofika kwa magunia na masanduku, na watu wa nyumbani wakasaidia kuzipima na kuzitia katika mifuko ya ratili moja na ratili mbili. Katika duka la namna hiyo karibu kila kitu kilipita mkononi mwa muuzaji, na mnunuzi alisimama upande wa pili wa meza akiutazama mkono huo.

Vita ilizidisha kazi na kupunguza mikono. Vijana waliokuwa wakiuza waliitwa jeshini, mizani ikaachiwa wanawake na wazee. Karatasi ziliadimika, hata wanunuzi wakaombwa kuja na mifuko na vyombo vyao. Mwanzoni muuzaji alikata kuponi kwa mkasi kutoka kila kitabu, na kuponi hizo zikahesabiwa na kupelekwa katika ofisi ya chakula ya mahali pale. Baada ya duka kufungwa, wenye duka walikaa wakihesabu vipande vidogo vya karatasi kama watu wahesabuo punje za mtama. Baadaye, kwa vyakula vingi, iliruhusiwa kutia alama ya wino kitabuni badala ya kukata.

Tena vitabu havikuwa vya rangi moja. Cha mtu mzima kilikuwa cha rangi ya mchanga. Cha buluu kilikuwa cha watoto wa miaka 5 hadi 16. Cha kijani kilikuwa cha mama mja mzito, cha mama anyonyeshaye, na cha mtoto wa chini ya miaka 5. Na mwenye kitabu hicho alitangulizwa katika maziwa na matunda, na mayai alipata maradufu. Yafaa tulitafakari jambo hili. Muuzaji hakulazimika kumhoji mama mbele ya watu kama ana mimba au hana, wala mama hakulazimika kuomba. Alitoa kitabu chake, rangi ikamsemea, akapewa haki yake. Kadhalika wafanyakazi wa mashamba na wachimbaji wa migodi, ambao hawakuweza kurudi nyumbani adhuhuri kula chakula cha moto, waliongezewa jibini. Watu wasiokula nyama nao walipata jibini zaidi badala ya nyama. Kanuni ilikuwa moja, lakini haikuwa kipofu.

Kwa vyakula vya mikebe ilitumika njia nyingine. Mikebe haikuwa mingi kiasi cha kumpa kila mtu mkebe wa kila aina. Basi tangu tarehe 1 Desemba 1941 kila mtu alipewa pointi 16 kwa majuma manne, azitumie apendavyo na katika duka lolote. Kitu kilichopendwa mno na kwisha upesi kiliongezewa pointi, na kitu kilicholala rafuni kilipunguziwa. Hivyo tajiri na maskini walikwenda sokoni na pointi sawasawa, na kila mmoja akachagua kwa akili yake. Mwenye duka naye alirudishiwa nafasi ya kuvutia wateja kwa bidii na adabu, kwa maana pointi hazikufungwa na duka moja.

Zaidi ya hayo bei za vyakula vya mgao zilipangwa na serikali, na duka lilizifuata. Mwenye duka alikatazwa pia kumwambia mnunuzi, "Nitakuuzia kitu hiki adimu ukinunua na kile kisichotoka." Wenzetu, nani kati yetu hajaisikia sauti hiyo? Sukari ikiadimika hapa kwetu, wako wauzaji wasemao: nunua na sabuni, nunua na majani ya chai, ndipo upate nusu kilo. Huko lilihesabiwa kuwa kosa la kupelekwa mahakamani.

Nani alimwangalia mwenye duka? Kila mji na kila wilaya ilikuwa na kamati yake ya chakula. Wenye maduka waliwakilishwa humo, lakini wanunuzi wa kawaida ndio waliokuwa wengi kuliko wao. Hapo, wanachama wenzetu, ndipo tulipojiona sisi wenyewe. Katika mwaka 2017 kamati yetu saba ilikuwa ya wauzaji watupu. Hapakuwa na mtu mmoja ndani yake ambaye kazi yake ilikuwa kusimama upande wa foleni.

Waziri wa Chakula tangu mwezi wa Aprili 1940 hadi Novemba 1943 alikuwa Lord Woolton, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa maduka makubwa ya Lewis's. Mtu yule aliijua biashara. Alijua kwamba mnunuzi huvumilia kupata kidogo, lakini havumilii kuona jirani yake amepata zaidi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo serikali ile ilijitahidi kukiingiza katika mgao kile tu ilichoweza kuhakikisha kuwa kitapatikana. Mkate na viazi, vyakula vya kushibisha, havikuwekewa mgao wakati wote wa vita. Mkate uliingizwa baada ya vita, tangu Julai 1946 hadi Julai 1948, na manung'uniko yakawa makubwa kuliko ya miaka ya mabomu.

Tusiseme kwamba mambo yote yalikuwa safi. Magendo yalikuwapo. Walikuwapo wenye duka waliowawekea rafiki zao vitu chini ya meza, na wengine walitozwa faini. Matajiri waliendelea kula hotelini bila kutoa kuponi, na watu walipolalamika sana, mwaka 1942 ikawekwa bei ya juu kabisa ya mlo mmoja hotelini kuwa shilingi 5. Lakini kwa jumla watu waliiamini kanuni, kwa sababu waliiona ikimfika kila mtu. Hata nyumba ya mfalme ilikuwa na vitabu vya mgao. Na matunda yake yalionekana. Pamoja na mabomu na uhaba, katika kila watoto elfu waliozaliwa huko, waliokufa wakiwa wachanga mwaka 1945 walikuwa wachache kuliko mwaka 1939. Mgao haukwisha pamoja na vita. Chai iliachiliwa mwezi wa Oktoba 1952, peremende Februari 1953, sukari Septemba 1953, na nyama mwisho wa yote, tarehe 4 Julai 1954. Kwa muda huo wote mwenye duka mdogo alikuwa pale pale, na mizani yake, na wino wake.

Sasa tugeuke tuitazame Kenya ya miaka ile ile, maana serikali iliyotawala ilikuwa ile ile. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliyaweka mahindi chini ya udhibiti. Bei ilipangwa na biashara yake ikafungwa kwa sheria. Lakini bei haikuwa moja: mkulima Mwafrika alilipwa kwa gunia lake chini ya bei aliyolipwa mlowezi. Mvua zilipokosekana, mwaka 1943 ukawa mwaka wa njaa katika sehemu nyingi, hata serikali yenyewe ikaunda tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Vijana wetu walikuwa jeshini, waliokuwa wamepigana Uhabeshi na ambao baadaye walipelekwa Burma, na nyumbani kwao wazazi walitafuta chakula kwa shida. Wazee waliotutangulia walitusimulia habari hizo, na katika masimulizi yao uchungu mkubwa haukuwa juu ya ukame. Ukame waliujua tangu zamani. Uchungu wao ulikuwa juu ya mizani miwili.

Twaona basi kwamba serikali moja, katika vita moja, ilitumia njia mbili. Kwa watu wa kwao iliweka kitabu kimoja kwa wote, na watu wakavumilia miaka 14. Kwetu iliweka bei mbili kwa gunia lile lile, na uchungu wake ukakaa vizazi viwili. Na sisi wajumbe saba, wana na wajukuu wa wazee wale, tulipopata marobota 20 ya unga tukaweka milango miwili. Hili ndilo tulilotaka kuliungama mbele yenu.

Kwa hiyo Kamati yaleta shauri la mambo matano, nalo mmelisoma katika karatasi ya mkutano.

La kwanza, iandikwe sasa, wakati bidhaa ni tele, orodha ya nyumba zote za wanachama na idadi ya watu wanaokula katika kila nyumba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ikiandikwa siku ya njaa, kila nyumba huwa na watu ishirini.

La pili, bidhaa ikiadimika, igawiwe kwa idadi ya watu, wala isigawiwe kwa wingi wa hisa wala kwa aliyewahi kufika. Mama waja wazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa, na wazee wasioweza kusimama foleni watengewe sehemu yao kwanza, kwa orodha iliyopitishwa mapema, ili wasiombe mbele ya watu.

La tatu, wasimamizi watano wachaguliwe na mkutano huu kuangalia mgao, na watatu kati yao wasiwe wajumbe wa Kamati wala watumishi wa duka. Mzigo ufunguliwe na kuhesabiwa mbele yao, na idadi yake ibandikwe ukutani kabla ya kuuzwa.

La nne, asilazimishwe mtu kununua kitu kimoja ili apate kingine.

La tano, majina ya wajumbe wa Kamati na ya watumishi wa duka yawe katika orodha ile ile ya watu wote, na zamu yao iwe ya mwisho.

Twajua kwamba shauri hili lina wapinzani, nao wametuambia hoja zao kwa heshima. Wengine wasema kuandika orodha ni kazi nyingi kwa duka dogo. Ni kweli. Lakini nyumba zetu hazizidi mia mbili, na mwenye duka mmoja wa mji mdogo aliweza kukata jibini la watu 300 kila juma wakati ndege za adui zikipita juu yake. Wengine wasema kwamba aliyeweka hisa nyingi ndiye aliyelijenga duka, na haifai apate kipimo kimoja na mwenye hisa moja. Twawajibu kwamba hisa zina malipo yake, nayo ni faida ya mwisho wa mwaka, ambayo hulipwa kwa kadiri ya hisa bila kupunguzwa senti. Tumbo la mtoto wa mwenye hisa moja halina ukubwa mwingine. Wengine wasema wanunuzi wakubwa, wenye hoteli na wenye shule, watatukimbia tukiwapimia. Hili nalo yawezekana, na mapato ya miezi hiyo yatapungua. Hatuwafichi. Lakini tumeona hasara ya njia nyingine: hisa za watu kumi na wawili zilizotoka, na wateja ambao hatuwezi hata kuwahesabu, kwa ajili ya marobota saba.

Mwezi uliopita tulikwenda, wote saba, nyumbani kwa mama yule. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai, akatuuliza habari za watoto wetu mmoja mmoja. Tulipomweleza shauri hili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Wanangu, majina yenu yatakuwa katika orodha hii hii yetu, au mtakuwa na orodha yenu?" Wakati ule shauri lilikuwa na mambo manne tu. Jambo la tano tuliliandika usiku ule tuliporudi.

Hajarudisha hisa zake, nasi hatukumwomba azirudishe. Alisema atangoja kusikia mkutano utaamua nini. Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu na wanachama wenzetu, twaliweka shauri mikononi mwenu. Mkilikubali, orodha itaanza kuandikwa Jumatatu, na sisi saba tumekwisha kukubaliana kwamba majina yetu yaandikwe mbele yenu, mwisho wa ukurasa.